Kutafuta chanzo cha harufu na kuliwa kwa zege katika mabomba ya majitaka kwa modeli ya kompyuta

Katika mji mmoja wa pwani nilikokuwa nikifanya kazi, malalamiko ya harufu ya mayai yaliyooza yalikuwa yakifika karibu yote kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi, na mengi yalitoka kwa watu waliokuwa wakirudi kutoka swala ya alfajiri. Wahusika walikuwa wamekwisha kupaka epoksi ndani ya chemba, kubadilisha mfuniko na kuziba matundu yake, na matokeo yakawa kwamba harufu ilihamia chemba iliyofuata. Chanzo kilikuwa karibu kilomita mbili juu ya hapo, upande majitaka yanakotoka, ndani ya bomba la msukumo, yaani bomba ambalo pampu husukuma majitaka ndani yake, na ambalo halina chemba hata moja ya kufungua ili mtu anuse. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhandisi au fundi wa mamlaka ya maji ambaye anataka kufika kwenye chanzo cha namna hiyo kwa kutumia kompyuta, vipimo vichache vilivyopangwa vizuri, na fedha kidogo.

Kwanza, elewa kinachokokotolewa

Bomba linapojaa majitaka pasipo hewa, utando wa ute unaoshika kuta zake hukosa oksijeni, na bakteria waliomo huanza kutumia salfeti iliyomo majini, wakaigeuza kuwa salfaidi. Hapo hakuna harufu, kwa sababu hakuna nafasi ya gesi kutokea. Majitaka hayo yanapomwagika katika chemba ya mwisho wa bomba la msukumo na kuingia katika bomba la mtiririko, ambamo hushuka yenyewe kwa mteremko na ambalo nusu yake ya juu ni hewa, sehemu ya salfaidi hutoka kama gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hushika kwenye zege lenye unyevu juu ya maji, na bakteria wa kundi jingine, wanaohitaji oksijeni, huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Mwaustralia C. D. Parker ndiye aliyewatenga bakteria hao huko Melbourne na kuchapisha matokeo yake mwaka 1945. Asidi hula saruji na kuiacha ikiwa jasi, ule uji mweupe ambao ukiuchoma kwa bisibisi, bisibisi huzama bila kukutana na ugumu wowote.

Kwa hiyo kuna maswali matatu yanayofuatana: salfaidi kiasi gani inazaliwa, kiasi gani inatoka kama gesi na wapi, na kiasi gani cha gesi hiyo kinaishia ukutani. Programu yoyote utakayoitumia, iwe ya bure au ya kununua, inajibu maswali hayo matatu kwa mpangilio huo, na ukiona inakupa ramani nzuri ya rangi nyekundu na kijani bila kukuonyesha majibu ya kila swali peke yake, usiiamini.

Chagua kiwango cha modeli kinacholingana na data uliyo nayo

Kiwango cha chini kabisa ni lahajedwali. Kwa mabomba madogo ya mtiririko, kipimo cha mhandisi wa Marekani Pomeroy kinachoitwa Z kinatosha kuchuja mtandao mzima kwa siku moja:

Z = 0.3 × BOD × 1.07^(T − 20) × P ÷ (S^0.5 × Q^0.33 × b)

BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kuozesha uchafu uliomo majini, ni kwa miligramu kwa lita, T ni joto la majitaka kwa nyuzi za Selsiasi, S ni mteremko wa bomba, Q ni mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, P ni urefu wa mzingo wa bomba ulioloana, na b ni upana wa uso wa maji. Chini ya 5,000 salfaidi ni nadra. Juu ya 10,000 tarajia matatizo. Kipimo hiki hakikwambii saa wala ukubwa wa tatizo. Kinakwambia tu bomba lipi lichunguzwe kwanza, na kwa kazi hiyo bado ni kizuri.

Kiwango cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachofaa mamlaka nyingi za Afrika Mashariki kuanzia, ni kutumia SWMM, programu ya bure ya shirika la mazingira la Marekani ambayo chimbuko lake ni mwaka 1971, ili kupata mtiririko, kina na mwendo wa maji kwa kila saa, kisha kukokotoa salfaidi pembeni kwa lahajedwali au kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Ramani ya mabomba inaweza kutayarishwa katika QGIS, ambayo nayo ni ya bure. Kiwango cha tatu ni modeli kamili za kikemia na kibiolojia, kama WATS iliyotokana na kazi za Chuo Kikuu cha Aalborg nchini Denmark, au SeweX ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Hizo ni imara sana, lakini zinahitaji vipimo ambavyo mamlaka isiyo na maabara yake haitavipata.

Kusanya data, na usiazime mkondo wa mtiririko wa kila saa kutoka vitabu vya Ulaya

Unahitaji kipenyo, urefu, mteremko na aina ya zege au plastiki ya kila bomba, ukubwa wa kila kisima cha pampu, viwango vya maji vinavyowasha na kuzima pampu, na mtiririko wa kila saa. Data za mabomba mara nyingi zimo vichwani mwa mafundi wa zamani kuliko katika michoro. Tenga siku mbili utembee nao mtaroni huku umeshika ramani.

Kuhusu mtiririko, vitabu vingi huonyesha kilele cha asubuhi na kilele cha jioni, kwa sababu viliandikwa katika miji ambayo maji hayakatiki. Penye mgawo wa maji, majitaka hufuata ratiba ya mgawo: mtaa unaopata maji usiku wa Jumanne na Ijumaa hutoa majitaka mengi usiku huo na asubuhi inayofuata, kisha hutoa machache yaliyo mazito. Mwezi wa Ramadhani nao hubadilisha mkondo, hasa wakati wa kufuturu na wa daku, na modeli iliyolinganishwa na vipimo vya Ramadhani pekee itakudanganya miezi mingine kumi na moja. Weka vipimo vya saa vya wiki mbili angalau, ndani yake pawemo mwisho wa juma.

Salfeti ni data ambayo watu huisahau. Salfaidi haizaliwi bila salfeti: kila miligramu moja ya salfaidi, ikihesabiwa kama salfa, inatumia miligramu 3 za salfeti. Katika miji ya pwani chanzo chake kinaweza kuwa bahari yenyewe. Maji ya bahari yana takriban miligramu 2,700 za salfeti kwa lita, kwa hiyo bomba lenye nyufa lililo chini ya usawa wa maji kujaa likiingiwa na asilimia moja tu ya maji ya bahari, tayari limeongezewa miligramu 27 kwa lita. Pima chumvi ya majitaka wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, kisha wakati wa kupwa. Tofauti ikiwa kubwa, umepata ufa wa kuziba kabla hata hujafungua kompyuta. Chanzo cha pili ni shabu (alum) inayotumika kusafisha maji ya kunywa, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni salfeti. Watafiti wa Queensland walionyesha mwaka 2014 kwamba katika eneo la kusini mashariki mwa jimbo hilo, karibu nusu ya salfeti iliyokuwa katika majitaka ilitokana na shabu ya mitambo ya maji. Mhandisi wa maji safi na mhandisi wa majitaka huwa katika jengo moja, lakini ni nadra kuwasikia wakizungumzia jambo hili.

Kokotoa umri wa maji ndani ya bomba la msukumo

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, kwa hiyo tuifanye kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi. Chukua bomba la msukumo lenye kipenyo cha milimita 300 na urefu wa mita 1,800. Ujazo wake ni mita za ujazo 127. Kama kituo kinasukuma mita za ujazo 900 kwa siku, umri wa wastani wa maji ndani ya bomba ni 127 ÷ 900 × 24, yaani saa 3.4.

Eneo la ukuta kwa kila mita ya ujazo ya maji ni 4 gawanya kwa kipenyo, yaani mita za mraba 13.3. Anza na makisio kwamba utando unazalisha gramu 0.1 za salfaidi kwa kila mita ya mraba kwa saa katika nyuzi 20, kisha rekebisha kwa joto. Majitaka ya nyuzi 28, joto la kawaida katika mwambao wetu, yanazidisha kiasi hicho kwa 1.07 kipeo cha 8, yaani mara 1.72. Ongezeko la salfaidi ni 13.3 × 0.172, karibu miligramu 2.3 kwa lita kila saa. Kwa umri wa wastani unapata miligramu 7.8 kwa lita, kiasi kinachotosha kuleta malalamiko.

Lakini wastani unaficha usiku. Tuseme kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri zinaingia mita za ujazo 60 tu. Maji yaliyoingia mwanzoni mwa bomba saa tano usiku bado yana mita za ujazo 67 mbele yake kunapopambazuka. Watu wakiamka na pampu zikisukuma mita za ujazo 60 kwa saa, maji hayo yatatoka kwenye chemba ya mwisho saa kumi na mbili na dakika chache, yakiwa na umri wa saa 7 na salfaidi ya miligramu 16 kwa lita, ilimradi kuna miligramu 48 za salfeti za kuilisha. Ndiyo maana watu wa alfajiri ndio wanaolalamika, na ndiyo maana fundi anayefika na kipima gesi saa nne asubuhi anaandika kwamba hakuona tatizo.

Katika SWMM, umri huu unaupata kwa kufuata mtiririko wa kila saa hadi ujazo wa bomba ukamilike. Mistari michache ya Python inatosha, na hata lahajedwali yenye safu 24 za saa inafanya kazi hiyo bila shida.

Kokotoa gesi inayotoka

Si salfaidi yote inayoweza kutoka kama gesi. Kwa pH ya 7, karibu nusu tu iko katika hali ya haidrojeni salfaidi. Kwa pH ya 8 ni karibu sehemu moja ya kumi, na kwa pH ya 6.5 ni robo tatu. Kiwanda kinachomwaga maji yenye asidi katika bomba linaloingia kwenye chemba yako kinaweza kuongeza harufu bila kuongeza hata gramu moja ya salfaidi. Ukipata kiasi kinachoweza kutoka, fahamu kikomo chake: miligramu moja kwa lita ya haidrojeni salfaidi majini, ikipata muda wa kusawazika na hewa kwa nyuzi 25, hutoa takriban sehemu 300 kwa milioni hewani. Kwa kawaida hewa ya bomba haifiki huko, kwa sababu gesi hutoka polepole, hupepea, na hunyonywa na kuta. Mahali maji yanapoanguka, iwe ni mwisho wa bomba la msukumo au katika chemba yenye tofauti kubwa ya kina, utokaji wa gesi huongezeka ghafla; yatenge maeneo hayo katika modeli yawe na kiwango chao cha utokaji.

Kokotoa zege linaloliwa

Kanuni inayotumika tangu miaka ya 1970 ni hii:

C = 11.5 × k × F ÷ A

C ni milimita za zege zinazoliwa kwa mwaka, F ni gramu za salfaidi zinazofika ukutani kwa kila mita ya mraba kwa saa, k ni sehemu ya asidi inayofanya kazi kabla haijateleza majini, na A ni uwezo wa zege kuua asidi. Kwa F ya 0.05, k ya 0.8 na zege la kokoto za graniti lenye A ya 0.2, zege hupungua milimita 2.3 kwa mwaka, na nondo zilizofunikwa kwa milimita 30 zitabaki wazi baada ya miaka 13. Zege hilohilo likiwa na kokoto za mawe ya chokaa, A hufika karibu 0.9, upungufu unakuwa nusu milimita, na miaka inakuwa karibu 60. Aina ya kokoto iandikwe katika jedwali la mabomba kwa uzito uleule unaoandikwa kipenyo, jambo ambalo sijalikuta likifanyika hata mara moja.

Zege jipya lina pH ya zaidi ya 12 na bakteria hawaliwezi hadi limepoa kikemia, kwa hiyo bomba la miaka miwili lililo safi halithibitishi chochote.

Pima, kisha linganisha

Usalama unatangulia. Pua hutiwa ganzi na gesi hii: kwenye takriban sehemu 100 kwa milioni huacha kunusa kabisa, na mtu hudhani hewa ni safi. Usifungue chemba bila kipima gesi chenye kengele, usimruhusu mtu kushuka bila kibali, kamba na mtu wa juu, na mtu akianguka ndani, mwenzake asimfuate kwa huruma. Vifo vingi vya mashimoni ni vya waokoaji.

Tundika kipima gesi kinachohifadhi data chini ya mfuniko wa chemba ya mwisho wa bomba la msukumo, kingine chemba tatu chini yake, kwa wiki mbili. Chukua sampuli za majitaka alfajiri, saa ambayo modeli imesema salfaidi iko juu, na chupa iwe na asetati ya zinki na alkali tangu hapo mtaroni, kwa sababu salfaidi isiyofungwa hutoweka kabla gari halijafika maabara. Ukutani, bandika karatasi ya pH kwenye dari ya bomba, kwangua uji mweupe hadi zege gumu, kisha pima kina.

Sasa badilisha namba chache tu: kasi ya uzalishaji wa utando, kasi ya utokaji wa gesi kwenye maporomoko, na mwendo wa hewa. Tumia wiki ya kwanza kurekebisha na wiki ya pili kuhakiki bila kugusa chochote. Kilele cha gesi kikija saa tofauti na modeli, kosa liko kwenye mtiririko. Kikija saa sahihi kwa ukubwa usio sahihi, kosa liko kwenye kasi. Kutofautisha makosa haya mawili kutakuokolea wiki nzima.

Jaribu suluhisho ndani ya modeli kabla ya kununua

Pendekezo la kwanza la kila mkutano ni kuwasha pampu mara nyingi zaidi usiku. Modeli inalikataa mara moja: umri wa maji katika bomba lililojaa unategemea ujazo wa bomba na kiasi kinachoingia, na kuwasha pampu mara kumi kwa maji yaleyale hakuyasogezi mbele zaidi ya kuiwasha mara mbili. Kunapunguza tu muda wa maji kukaa kisimani. Kinachobadilisha umri ni ujazo. Katika mji ule niliouanza nao kulikuwa na mabomba mawili ya msukumo yaliyolazwa sambamba kwa ajili ya ongezeko la watu ambalo bado halijafika, na yote mawili yalikuwa wazi. Kufunga vali ya moja, baada ya kulimwaga na kulisafisha, kulipunguza umri kwa nusu bila kununua kemikali yoyote.

Pasipo na bahati hiyo, kokotoa kemikali. Kwa mfano wetu wa mita za ujazo 900 na miligramu 7.8, salfaidi ni kilo 7 kwa siku. Chumvi za chuma huhitaji angalau kilo 1.74 za chuma kwa kila kilo ya salfaidi, yaani kilo 12 kwa siku. Naitreti, ili kugeuza salfaidi irudi kuwa salfeti, huhitaji angalau kilo 0.7 za naitrojeni kwa kilo, karibu kilo 5 kwa siku, lakini utando huila naitreti hata pasipo na salfaidi. Ukiidunga mwanzoni mwa bomba refu ikaisha katikati, salfaidi huzaliwa upya katika nusu iliyobaki. Acha modeli ionyeshe inaisha mita ya ngapi. Magnesiamu haidroksaidi hupandisha pH na kuzuia gesi isitoke. Kwa kila kemikali, weka katika modeli dozi inayofuata saa, kwa maana dozi moja ya siku nzima hupotea mchana na haitoshi usiku.

Kupaka epoksi, kuvika plastiki au kutumia saruji ya aluminati kunahusu zege pekee, na ukuta usionyonya gesi huiachia gesi isafiri mbali zaidi. Chemba ile ya kwanza ilipopakwa, harufu haikuhama kwa uchawi.

Endeleza modeli baada ya mradi kuisha

Vipima viwili vilivyobaki mtaroni vikituma data ofisini kila siku, modeli inaweza kusahihishwa kila mwezi, na hicho ndicho kinachoitwa pacha wa kidijitali katika matangazo ya wauzaji. Hifadhi faili ya modeli pamoja na tarehe, viwango vya kuwasha pampu vilivyotumika siku hiyo, na jina la cheo cha aliyevibadilisha. Viwango hivyo hubadilishwa na fundi wa zamu kwa bisibisi ndani ya dakika moja, na asipoandika, modeli itaendelea kukokotoa kituo ambacho hakipo tena. Rudi kupima kina cha zege kila mwaka katika alama zilezile za dari, zilizopigwa msumari wa chuma cha pua.